Nelda Crouch na Masomo Kumi na Sita

Ukitaka kujua Nelda Crouch ameamkaje, usimtazame usoni, tazama ua lake. Juu ya meza yake, katika ofisi ya ushauri wa masomo ya sekondari ya Cutler Draw, magharibi ya Texas, palikuwa na chungu cha ua, na kila alipokasirika alilimwagilia maji. Hakuwa na njia nyingine. Alilelewa na baba mkulima wa pamba na mama mcha Mungu, katika nyumba ambamo mtu hakuruhusiwa kutukana wala kubamiza mlango, kwa hiyo hasira yake yote ilipitia kwenye kikombe. Na kwa kuwa Cutler Draw haikuwa na upungufu wa watu wa kumkasirisha, hasa kuanzia Agosti msimu wa mpira unapofunguliwa, hakuna ua lake lililowahi kuiona Krismasi. Yote yalikufa kwa kuzama, tena katika nchi ambayo mvua huombewa kanisani.

Mpira wa kule si wa miguu. Ni ule wa kukumbatiwa kifuani, vijana wamevaa kofia ngumu na mabega ya kubandika, wanagongana kama mafahali, na mji mzima umejaa jukwaani kila Ijumaa jioni. Timu ya Cutler Draw iliitwa Sungura, na asicheke mtu: sungura wa nyanda zile ana miguu mirefu na hana mchezo. Kila mchezaji aliwekewa kibao cha mbao mbele ya nyumba yao, kimechorwa jina lake na namba ya jezi. Ukipita mitaani unajua kila nyumba imezaa nini. Nyumba isiyo na kibao ilionekana kama imefiwa.

Nelda hakuwa adui wa mpira. Marehemu mumewe aliucheza, akabaki nao kwenye goti mpaka anaingia kaburini. Kilichomchosha ni kuwaeleza watu jambo moja kwa miaka ishirini na sita, na wao wakamsikiliza kwa adabu kama wasikilizavyo tangazo la hali ya hewa ya nchi nyingine.

Jambo lenyewe hata mbuzi angelielewa, kama mbuzi angekubali kukaa kitako. Kijana anayetaka kuchezea chuo kikubwa lazima atoke sekondari na masomo ya msingi kumi na sita: lugha, hesabu, sayansi, historia, na mengine ya uzito huo. Kumi kati ya hayo awe ameyamaliza kabla mwaka wa nne, yaani wa mwisho, haujaanza. Ukiuingia mwaka huo na tisa, hata ukimbie kama swala, chuoni mwaka wa kwanza utafanya mazoezi tu, na siku ya mechi utakaa na watazamaji. Ndivyo chama cha michezo ya vyuo kilivyoamua, na hakina mjomba Cutler Draw.

Jimbo nalo lilikuwa na sheria yake. Kila baada ya wiki sita alama husomwa. Aliyepata chini ya sabini katika somo lolote hachezi wiki tatu. Hiyo ndiyo sheria iliyowanyima watu usingizi, kwa sababu ilihusu Ijumaa hii, si mwaka ujao. Mji ukajitungia dawa: kijana akielekea kuanguka kemia, anatolewa kemia kabla alama hazijasomwa, anapelekwa somo jepesi. Yalikuwepo ya kutosha. Kulikuwa na Utunzaji wa Nyasi za Viwanja. Kulikuwa na Hesabu za Dukani. Kulikuwa na Stadi za Maisha, ambamo walifundishwa kukunja mashuka. Jimbo liliyatambua yote, na kijana aliyatumia kumalizia sekondari bila shida. Chama cha vyuo hakikulitambua hata moja.

Kila Agosti Nelda aliitisha mkutano wa wazazi ukumbini kueleza hayo. Akina mama wa timu walipika maharage, akina baba walioka nyama ya kidari kwa moshi tangu alfajiri. Watu walijaa, wakala, wakasifia nyama. Nelda aliposimama na chaki mkononi, walikumbuka wameacha ng'ombe nje. Wakabaki wazazi wa wapiga tarumbeta wa bendi ya shule, ambao mpira hawauchezi.

"Yale kumi na sita yako yanaendeleaje, dada?" walimtania dukani.

"Yapo palepale yalipokuwa mwaka jana," alijibu. "Nyie ndio hamjafika."

Basi, mwezi wa Aprili wa mwaka ninaousimulia, alikuja mgeni kutoka chuo kimoja cha Oklahoma, mtu mpole mwenye viatu vya bei, akamuulizia Desi Luján.

Jina lake lote ni Desiderio, lakini hakuna aliyelimaliza isipokuwa mama yake akikasirika. Alikuwa mwaka wa tatu, kijana wa kuinama akipita mlangoni, na kazi yake uwanjani ilikuwa kusimama mstari wa mbele na kuwazuia wachezaji wa timu pinzani wasimfikie mrusha mpira. Hawakumfikia. Baba yake alichimba mafuta upande wa New Mexico, akaja nyumbani Jumapili moja moja. Mama yake, Amparo, alipima mizigo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Nyuma ya nyumba Desi alifuga fahali wa maonyesho ya wilaya, aliyempa jina la Profesa kwa sababu, alisema, ana macho ya mtu anayejua jibu ila hataki kulisema. Kijana alitaka kuwa daktari wa mifugo. Kwao hapakuwa na njia ya kufika huko ila kupitia mabega yake: chuo kimchukue kwa mpira, kimsomeshe bure.

Mgeni alimwambia Nelda, "Nafasi yake tunayo. Nihakikishie kitu kimoja tu, kwamba mwaka wa kwanza atastahili kucheza. Mtu wa kukaa jukwaani sina namna ya kumleta."

Nelda alifungua rekodi za kijana huku mgeni akinywa kahawa. Alihesabu. Akahesabu tena akianzia mwisho. Akamsindikiza mgeni hadi garini kwa tabasamu ambalo lilimuuma mashavu, akarudi ofisini, akajaza kikombe.

Ua lilikuwa bado linachuruzika Kocha Royce Tidwell alipoingia. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, na moyo mwema kabisa. Hilo ndilo lililokuwa gumu kwa Nelda. Kumchukia Tidwell kulihitaji bidii.

"Kaa, Kocha."

"Nikikaa utanifokea."

"Ukisimama pia nitakufokea. Kaa upumzishe magoti."

Akakaa.

"Oktoba iliyopita," Nelda alisema, "nilipokuwa Amarillo nimelazwa, natolewa nyongo, nani alimtoa Desi kwenye kemia?"

Kocha aliitazama kofia yake. "Alikuwa na sitini na nne, Nelda. Na Ijumaa ile tunacheza na Bascom."

"Najua mlikuwa mnacheza na Bascom. Mmekuwa mkicheza na Bascom tangu babu yangu ana meno. Mkampeleka wapi?"

"Nyasi."

"Nyasi! Mtoto anataka kutibu ng'ombe, unamfundisha chakula cha ng'ombe."

"Alipata tisini na nane kule," kocha alisema, kidogo kwa fahari.

"Angepata mia hata Profesa. Na mwaka juzi, jiometria? Nani alimtoa?"

"Ilikuwa nusu fainali..."

"Atamaliza mwaka huu ana masomo tisa, Royce. Tisa! Yanatakiwa kumi. Mtu wa Oklahoma amekaa hapo ulipokaa, ananiuliza swali dogo kama punje ya ulezi, na mimi namchekea kama punguani."

Kocha Tidwell aliizungusha kofia magotini. Uso ulimbadilika rangi. "Sisi tulikuwa tunamsaidia," alisema mwishowe.

"Ndiyo. Mmemsaidia mpaka amezama." Akalitazama ua lake, akageuza uso.

Alama za Desi kwenye kemia zilikuwa pungufu kwa sita tu. Hilo lilimkera Nelda kuliko mengine yote. Hawakumtoa kijana shimoni, walimtoa kwenye ngazi. Wiki tatu za kukaa benchi, na mtu wa kumshikia kitabu, angelifaulu. Lakini mji haukuweza kuvumilia kumwona benchi wiki tatu. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na pale waliomchelea walikuwa mji mzima, ila atakayelia ni Amparo.

Amparo alipoitwa, alikuja na vumbi la pamba kwenye nyusi, Desi nyuma yake akijikunja apunguze ukubwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Desiderio."

"Mama."

"Uliniambia umefaulu."

"Nilifaulu, mama. Kwenye nyasi."

Amparo alimpiga kibao cha mkono kwenye bega, na aliyeumia ni yeye. Akamwambia Nelda, "Bi Crouch, mimi nilitia sahihi. Kocha alikuja kiwandani, malori yamepanga foleni, akasema ni jambo dogo, la kumpunguzia mtoto mzigo. Nilimwekea na burito ya maharage mkononi nikamshukuru."

"Kila mtu amemshukuru, mama. Hatuna shida ya shukrani hapa."

Njia ilikuwa moja: kemia nzima, isomwe likizo ya kiangazi, imalizwe kabla shule haijafunguliwa. Mkuu wa shule, mtu wa kupenda mambo yaishe, alisema hilo ni jepesi, kuna mafunzo ya kompyuta, kijana anabonyeza majibu, siku mbili ana cheti. Nelda alimweleza kwamba chama cha vyuo hakilihesabu somo lisilo na mwalimu. Mkuu akasema kompyuta ni mwalimu wa kisasa. Nelda akarudi ofisini kwake, na siku hiyo maji yalifika mpaka sakafuni.

Mwalimu wa kemia alikuwa mmoja, Bwana Orville Isbell, mrefu, mkavu, mwenye tai fupi, ambaye tangu Oktoba hakuwa amemsemesha kocha. Wakikutana kwenye korido alisoma mabango ya ukutani.

"Nitafundisha," alimwambia Nelda. "Asubuhi, kila siku. Lakini aje kuniomba yeye."

"Desi? Yuko nje hapo, anaogopa kuingia."

"Si Desi. Desi sina neno naye. Yule aliyemtoa darasani kwangu kama anachomoa figili, bila hata kubisha hodi."

"Orville, tuna umri gani sisi?"

"Mimi wa kutosha kuombwa vizuri."

Nelda akaenda uwanjani. Tidwell aliposikia, alitema mate, akasema hata siku moja. Tena asubuhi za kiangazi ni za mazoezi ya nguvu, vijana wote huja kwa hiari.

"Kwa hiari," Nelda alisema.

"Kwa hiari kabisa."

"Na asipokuja?"

"Hajawahi mtu asije."

"Basi mwaka huu mmoja hatakuja, kwa hiari. Na wewe utapiga hodi mlango wa Isbell, kwa hiari. Au nimpigie simu yule wa Oklahoma nimwambie kwa nini? Nitamtajia jina lako herufi kwa herufi."

Alikwenda. Nelda alisimama mbali kwenye korido akijifanya anabandika tangazo. Alimwona kocha akivua kofia mbele ya mlango, akiivaa, akiivua tena. Kilichosemwa ndani hakukisikia, ila aliisikia sauti ya Isbell ikisema, "Kwa sauti kidogo, Kocha, nina sikio moja," na baada ya hapo korido nzima ilisikia.

Kiangazi kile kilikuwa cha moto wa kukausha mate. Wenzake Desi walinyanyua vyuma uwanjani, na yeye juu dirishani, amekaa kwenye kiti kisichomtosha, akisawazisha milinganyo. Walimpigia miluzi. "Profesa!" walimwita, jina la fahali wake, naye alitoa kichwa dirishani akatoa mlio wa ng'ombe, mpaka Isbell akafunga pazia. Mchana alihamisha mabomba ya kumwagilia mashamba ya watu. Jioni alimsomea fahali somo la siku. Amparo alimwambia Nelda kwamba Profesa sasa ni fahali pekee wilayani anayejua asidi na besi.

Alipata sabini na nne, alama za Isbell, zisizo na sukari. Somo la kumi likaingia siku chache kabla kengele ya mwaka wa mwisho haijalia. Nelda alimpigia simu mtu wa Oklahoma. Yule akasema vizuri sana, na yale sita yaliyobaki?

"Yote yapo kwenye ratiba ya mwaka huu," Nelda alisema. "Hakuna hata pumzi katikati."

Kama hukuzaliwa jana utaelewa kilichofuata. Nelda hakuelewa, na ndiyo sababu alikasirika kuliko alivyowahi. Alidhani watu wamejifunza.

Mwishoni mwa Septemba, siku moja kabla ya alama za wiki sita kusomwa, alikwenda kwa mkuu wa shule kuchukua stepla yake, akaikuta mezani fomu ya kuhamisha mwanafunzi. Luján, D. Kutoka Aljebra ya Pili, kwenda Hesabu za Dukani. Mkuu ameshatia sahihi. Ilikuwa inangoja sahihi ya mzazi.

"Ana sitini na saba," mkuu alisema kwa sauti ya msibani. "Adhabu itaangukia mechi ya Bascom, Nelda. Tena nyumbani. Wahitimu wa zamani wote wanakuja."

"Aljebra ni mojawapo ya yale sita."

"Si atairudia muhula ujao?"

"Na muhula ujao amejaa mpaka kwenye masikio! Niliwaeleza. Mlitikisa vichwa. Mlikuwa mnatikisa nini ndani?"

"Kocha ameshaondoka na nakala," mkuu alisema. "Nadhani anaelekea kwa mama yake."

Nelda Crouch, mwanamke wa miaka sitini na moja ambaye hakuwahi kupigwa faini ya mwendo, aliendesha gari lake kupita kanisa, kupita kiwanda, vumbi likimfuata kama shetani. Alikuta pikapu ya Tidwell mbele ya nyumba ya Luján, karibu na kibao cha namba sabini na mbili. Watu wote walikuwa nyuma, kwenye zizi. Kocha ameshika karatasi na kalamu, Amparo amekunja mikono, na Desi yumo ndani na ndoo, anamlisha Profesa, amewapa mgongo wote.

"Royce Tidwell!" Nelda aliita kabla hajafika.

"Nisikilize kwanza, Nelda. Nimefikiria."

"Ndicho ninachokiogopa."

"Si kama mwaka jana. Nimezungumza na mwalimu wa aljebra, anaweza kumrudisha baada ya mechi..."

"Akimrudisha atakuwa amekosa mwezi. Mtoto ana sitini na saba akiwepo, atapata ngapi asipokuwepo?"

"Mama Desi," kocha alisema, akimgeukia Amparo kwa sauti ya upole wa kweli, "mwanao amecheza na wenzake tangu wana miaka saba. Huu ni mwaka wao wa mwisho. Bascom ndiyo mechi watakayoizungumzia wakiwa wazee. Nami siwezi kumwona amekaa pale na suruali ya jinzi. Roho inaniuma, Mungu ni shahidi."

Aliyasema machozi yakimlenga. Hapo ndipo ugumu wote ulipokuwa. Wangekuwa wabaya, ingekuwa rahisi.

Amparo alinyoosha mkono, akaichukua kalamu. Nelda akafumba macho.

"Desiderio," Amparo alisema. "Geuka. Mara ya kwanza nilitia sahihi bila kukuuliza. Leo nakuuliza."

Desi aliweka ndoo chini. Fahali akaingiza pua humo na kuisukuma, ndoo ikagonga ubao wa zizi.

"Kocha," kijana alisema, "mwaka jana uliponitoa kemia nilifurahi. Sikukwambia, ila nilifurahi sana, maana nilikuwa naogopa. Halafu nimekaa na Bwana Isbell kiangazi kizima, na sasa kemia naijua. Kidogo. Aljebra sijaijua bado. Nikitoka sitaijua."

"Ni wiki tatu tu ninazotaka kukuokolea, mwanangu."

"Ndiyo, Kocha. Niache nizikae."

"Bascom watampasua Travis pale mstari wa mbele. Unamjua Travis, ana uzito wa kuku."

"Nitamfundisha Travis mpaka Ijumaa ya mechi. Nitabeba maji. Nitavaa hiyo jinzi." Akajifuta pua kwa kiganja. "Ila mama asitie sahihi."

Amparo alimrudishia kocha kalamu. Tidwell aliitazama kana kwamba haijui. Akaitia mfukoni, akaikunja karatasi mara nyingi, ikawa ndogo sana. Akasema, "Haya," akaenda kwenye pikapu yake, akakaa ndani dakika kadhaa bila kuwasha.

"Bi Crouch, utakula?" Amparo aliuliza.

"Nitakula," Nelda alisema.

Mechi ya Bascom walipoteza, na hawakupoteza kidogo. Travis alijitahidi, apewe haki yake. Desi alisimama pembeni na chupa za maji, jinzi mpya, akipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Watu jukwaani walimtazama yeye kuliko mchezo. Kisha wakamtazama Nelda, aliyekaa peke yake na mto wake wa kukalia, huku nafasi pande zote mbili zikiwa wazi, jambo ambalo si la kawaida usiku wa Bascom.

Jumamosi dukani muuzaji alimpa chenji bila kumtania kuhusu kumi na sita. Utani wa miaka yote ule ulikuwa umemchosha, na sasa alitamani usemwe.

Alipopita mtaa wa Luján alikuta kibao cha namba sabini na mbili kimeng'olewa, kimelazwa kifudifudi kwenye nyasi. Hakuna aliyejua nani. Pengine kila mtu alijua. Amparo alikuwa nje, amepiga magoti, anakisimamisha tena, anakigongomea kwa nyundo ya kulainishia nyama.

"Mama, nikushikie?" Nelda alimuuliza kutoka garini.

"Shika hapo. Na usiniambie pole, Bi Crouch. Nikiambiwa pole nitamgonga mtu."

Nelda akashika mti wa kibao, Amparo akagonga. Majirani walichungulia kwenye mapazia. Walipomaliza, kibao kilikuwa kimeinama kidogo upande wa kushoto, na kikabaki hivyo msimu mzima.

Desi alirudi uwanjani baada ya wiki tatu akiwa na sabini na tatu za aljebra. Mwezi wa Juni yale sita yalitimia, kumi na sita yakatimia, na chama cha vyuo kikajibu kwamba kijana anastahili. Alikwenda Oklahoma na sanduku moja. Kabla ya kuondoka alimletea Nelda zawadi, kichipukizi cha dungusi, ua la jangwani lenye miiba, kwenye mkebe wa rangi.

"Hili halitaki maji, Bi," alisema. "Nimemuuliza Bwana Isbell. Hata kidogo."

"Nani amekwambia habari za maji?"

"Bi, shule nzima inajua."

Agosti ikafika, nyama ikaokwa, watu wakajaa ukumbini. Nelda aliposimama na chaki, alisikia viti vikianza kusogea, kama kila mwaka. Lakini sinia za nyama hazikuwa mezani. Zilikuwa nyuma ya Kocha Tidwell, aliyesimama mbele ya mlango wa jiko na kisu kirefu mkononi, amevua kofia.

"Kaeni," alisema kwa ile sauti ya kuita ng'ombe. "Hakatiwi mtu nyama mpaka Bi Nelda amalize."

Wakakaa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Nelda Crouch alieleza masomo kumi na sita mbele ya ukumbi uliojaa. Alieleza yale kumi ya kabla ya mwaka wa mwisho. Akataja yasiyohesabika, moja moja, akayaandika, akayapigia mstari mpaka chaki ikavunjika. Wote walitikisa vichwa. Kocha naye alitikisa kichwa, kwa nguvu kuliko wote.

"Kuna swali?" Nelda aliuliza.

Mkono ukainuka. Alikuwa baba yake Travis, mtu mzuri, anayesaidia kila mazishi.

"Bi Nelda, nimekuelewa vizuri sana. Mimi nauliza hili tu, kwa faida ya wote. Lile la Utunzaji wa Nyasi, mtoto akilisoma mara mbili, nalo halihesabiwi?"

Asubuhi iliyofuata dungusi la Desi lilikutwa limesimama kwenye dimbwi.